Arubaini na Moja

Liliingia gereji yangu ya Magongo
bega la kushoto, la mbele, limeshuka,
kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja
akasahau kuitua.

"Mafundi watatu," akasema Bi Mwanarusi,
akiwahesabu kwa vidole vya hina iliyofifia.
"Wa Kibokoni alibadilisha springi hiyo ya mbele.
Wa Makupa akaibadilisha tena.
Wa tatu akanambia ni barabara.
Barabara gani, mwanangu, iinamishayo gari
hata likiwa limelala uani kwangu?"

Sikumjibu. Nilipima upepo kwanza,
magurudumu yote manne,
kwa kuwa nimewahi kuaibika:
nusu siku chini ya gari, kumbe tairi.

Tukalisukuma hadi sakafu ya godauni la jirani.
Jirani huapa kwamba sakafu yake ni sawa.
Nikatoa mpira mwembamba, ule wa waashi,
nikaujaza maji,
ncha moja gurudumu hili, ncha ya pili lile.
Maji hayana mjomba.
Yalisimama kimo kimoja, nikaridhika.

Futi yangu ilikatika wiki iliyopita.
Bi akachomoa yake ya cherehani mkobani.
Kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi:
mbele kushoto, thelathini na tano.
Mbele kulia, thelathini na nane.
Nyuma kushoto, thelathini na saba.
Nyuma kulia —
nikafuta jasho, nikapima tena —
arubaini na moja.

Kitsao, kijana wangu, amekwisha kushika spana
anakwenda mbele kushoto, panapouma.
Weka chini, nikamwambia. Lete jeki.

Tuliitia katikati kabisa, chini ya difu,
tukainua hadi magurudumu ya nyuma yakaacha sakafu,
nyuma pasiwe na kushoto wala kulia.
Na kule mbele, bila ya kuguswa na mtu,
lile bega likapanda.
Kitsao akapima. Thelathini na sita.
Akazunguka upande wa pili. Thelathini na sita.
Akanitazama kana kwamba nimelisomea kitu.

Miaka yote hiyo mbele kushoto
palikuwa pakilipa deni la nyuma kulia.

Springi tuliyoitoa huko ilikuwa nene kama kidole gumba,
na mabaki ya rangi ya buluu: ya lori.
Mwenzake wa kushoto, mwembamba, mweusi, wa Pijo halisi.
"Nani aliyeitia hii?"

Bi Mwanarusi akaipokea kwa ncha ya leso.
"Famau," akasema. "Marehemu.
Alikuwa akipakia pipa la mafuta ya nazi, upande huo,
kila Jumanne, hadi Mtwapa.
Kushoto huwekwa mizani na vibaba, vitu vyepesi.
Gari likawa laketi kulia, kutwa analalamika,
hata akaipata hiyo.
Siku ile lilisimama wima kama bwana harusi.
Alinizungusha mtaa mzima nilione."

Miaka sita pipa halipo.
Springi haikupewa habari.

Nilimtilia jozi mpya. Daima jozi, Kitsao,
hata mwenye gari akikunja uso.
Na nati za bushi usizikaze gari likiwa hewani;
lishushe, litikise, likae kwa uzito wake,
ndipo ukaze.

Tulipopima mara ya mwisho,
nusu sentimita ilikataa kuondoka.
Nikamwambia ukweli: gari la miaka arubaini
lina haki ya nusu sentimita.
Akacheka, akalipa, akahesabu chenji mara mbili.

Ile ya lori hakuniachia.
Aliilaza nyuma, upande wa kulia,
akaikingia gunia isigongegonge.
"Si litainama tena?" Kitsao akaninong'oneza.
Kwa kilo tano? Nikamwambia afungue geti.

Futi ya cherehani aliisahau.
Bado ninayo. Ina doa la grisi
penye arubaini na moja.